Kamati ya Wasiohusika

Bahiya hamwogopi mtu. Hili liwekwe wazi kabla hatujafika mbali, maana mwenyewe alikuwa akilitangaza kila siku juu ya tangi la maji, miguu ikining'inia, sauti ikifika mpaka jikoni: kwamba hajazaliwa, na akizaliwa atarudishwa alikotoka, mtu wa kumfanya Bahiya binti Masoudi ashushe sauti au ameze neno. Simba akija atamwuliza ana shida gani. Mauti yakija yatapanga foleni kama watu wengine. Usawa, alisema Bahiya, hauombwi kwa kunong'ona! Tangi likawa linamwitikia kwa ndani kama tumbo la mtu aliyekunywa uji mwingi, na umati uliokuwa chini ukapiga makofi. Halafu mtu mmoja pale chini, tena bila ubaya wowote, akauliza kama anavyouliza mtu saa ngapi sasa: "Na wewe mwenyewe, dada, unampenda nani?"

Bahiya akateremka kwenye tangi bila kutumia ngazi.

Chuo chenyewe hakina jina, au kinalo, ila kila anayekaribia kulitamka hupiga chafya. Hakuna anayekumbuka alivyojiunga nacho. Mtu huamka tu akajikuta yuko mwaka wa pili, nywele zimesukwa, kitanda kimetandikwa, na rafiki asiyemjua anamwambia, "Harakisha bwana, tunachelewa." Siku hazifuatani kwa adabu. Jumatano ikipitiwa na usingizi, Alhamisi huingia bila kubisha hodi, na kuna Jumapili moja iliyokwenda na kurudi mara nyingi mpaka wanafunzi wanaijua kwa sura, wanaiamkia. Ngazi za bwenini hupanda zikiwa na hamu. Ukizikuta zimenuna, unalala chini. Hayo yote watu wameyazoea, kwa sababu binadamu ukimwacha na jambo la ajabu wiki moja, wiki ya pili analilalamikia kwamba limechelewa.

Kitu kimoja tu hakibadiliki pale: veranda. Inauzunguka ua wote, ina mabenchi ya mawe ya kukaa watu wawili, na juu ya kila benchi kuna kulabu. Ikifika magharibi, ambayo siku nyingine hufika mara mbili kwa kusahau, wanafunzi hutoka wakakaa wawili wawili, kila mtu na ampendaye. Ndipo Mlezi Mkuu, Mwalimu Ngwandu, anapopita na ngazi begani na kandili mkononi. Akikuta mwanamume na mwanamke, anapanda, anatundika kandili, anawasha, anawatakia maongezi mema. Akikuta mwanamke na mwanamke, au mwanamume na mwanamume, hasemi kitu. Hatukani. Hafukuzi. Anapiga mluzi tu, akitazama dari kama fundi anayetafuta paa linapovuja, na anapita.

Unaweza kusema: kandili tu hiyo, mtu si akalale? Ungekuwa sawa kama ungekuwa mahali pengine. Lakini chuoni hapo kumbukumbu za watu zinakwenda kwa mwanga. Anayewashiwa hukumbukwa. Asiyewashiwa huanza kufifia midomoni mwa wenzake: kwanza linaondoka jina, halafu inaondoka sahani yake jikoni, halafu kitanda chake kinapewa mtu mwingine na yeye yumo bado amelala. Dawa inajulikana na wote, na ni moja: mtu anayekumbukwa asimame mbele za watu, alitaje jina la huyo anayefifia, na aseme ni nani wake. Dawa rahisi kama maji. Ndiyo maana hakuna anayeinywa.

Na wale waliopitwa gizani, yaani wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, na wale ambao moyo wao una milango miwili, wote walipewa jina moja: Nanihii. "Si unawajua wale, wa mambo ya nanihii." Si tusi. Tusi lina heshima yake, tusi humtazama mtu usoni. Nanihii ni sauti ya mtu anayetafuta kitu mfukoni huku akiomba asikipate.

Basi Bahiya akaunda kamati.

Kamati ilikutana nyuma ya maktaba, mahali ambapo palikuwa nyuma ya maktaba siku hiyo. Bahiya alikuwa mwenyekiti, na katibu alikuwa Kombo, kijana mrefu mwenye shingo ya kusikiliza, anayecheka kwa mabega.

"Tujitambulishe," alisema Bahiya. "Mimi naanza. Mimi sihusiki. Nina mchumba wangu, yuko mbali. Nawasemea tu wenzangu."

"Mimi Kombo," alisema Kombo. "Nahusika."

"Kombo!"

"Sasa nisemeje, mwenyekiti? Napenda wanawake, napenda na wanaume. Nikikaa na binti nawashiwa, nikikaa na kijana napigiwa mluzi. Jina langu linatoka na kukatika kama maji ya bomba. Juzi mama mmoja ameniita Kom, akaishia hapo, akaondoka."

"Sema huhusiki. Ukihusika watasema unajipigania mwenyewe."

"Na mtu akiumwa jino, alie nani? Jirani?"

"Ndiyo!" Bahiya alinyanyua kidole. "Hapo hapo! Mwenye jino akilia wanasema kelele. Jirani akilia wanasema huruma. Sisi tutakuwa jirani."

Lilikuwa neno la akili sana, na kamati ikalipigia makofi. Makosa makubwa ya hapo chuoni yote yalipigiwa makofi kwanza. Basi wakaendelea kujitambulisha. Mmoja akasema hahusiki ila ana binamu. Wa pili hahusiki ila ana jirani wa binamu. Wa tatu, aliyekuwa ameshikana mikono na wa pili tangu kikao kianze, alisema yeye hahusiki hata chembe, ila amewahi kumsikia mtu anayehusika akikohoa chumba cha pili. Kombo naye, akiona ameachwa peke yake kwenye ukweli kama mtu aliyevaa sare siku ya mapumziko, akasema haya, basi, na yeye hahusiki.

"Nyinyi mnamtetea nani?" ilisema sauti kutoka mlango wa nyuma wa maktaba. "Majini?"

Wakageuka. Ilibidi watazame mara mbili, maana aliyekuwa mlangoni alikuwa ameanza kuwa na rangi ya mlango. Alikuwa Zawena.

Zawena alikuwa akisomea hesabu za mawingu, somo gumu kwa sababu mtihani huondoka katikati. Yeye peke yake chuoni hakuwahi kumficha Mlezi Mkuu neno. Siku ya kwanza tu alimwambia Mwalimu Ngwandu, "Mwalimu, mimi nampenda mwanamke, na benchi hili ndilo langu," akakaa. Tangu hapo alikaa kila magharibi kwenye benchi la mwisho la veranda, peke yake, mluzi ukipita juu ya kichwa chake, kwa sababu huyo mwanamke anayempenda kila magharibi alikuwa na kazi nyingi za kampeni. Nafikiri umeshamjua huyo mwanamke ni nani. Kamati nzima ilikuwa inamjua. Hata tangi lilikuwa linamjua. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akisubiri ushahidi zaidi.

Zawena akamvuta Bahiya pembeni.

"Leo mpishi amenipita," alisema. "Nimenyoosha sahani, ametazama hapa nilipo, akampa aliye nyuma yangu. Nimemwita kwa jina lake. Akakuna sikio."

"Nitakutetea barazani, hoja yetu ikisomwa mbele ya chuo kizima. Nimeandaa hotuba, wallahi wataanguka."

"Usinitetee, Bahiya. Nitaje."

"Ni kitu kimoja."

"Ni kitu kimoja? Haya. Nitaje hapa. Sema kwa sauti: huyu Zawena ni wangu. Kamati ile pale inasikia."

Bahiya akafungua mdomo. Na hapa lazima nisimame kidogo nimwonee huruma, hata kama hastahili. Kwa sababu uso wa mama yake ulimjia, ukakaa juu ya paa la maktaba, mkubwa kama mwezi, na ukawa hauna hasira. Ungekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Ulikuwa umejiandaa kuhuzunika. Habari za chuoni hapo hufika nyumbani bila kupanda gari. Ukisema neno Jumanne, Jumatatu iliyopita mama yako tayari ameacha kula. Mtu ambaye hamwogopi simba atafanya nini na mama aliyeacha kula?

"Barazani," alisema Bahiya. "Nakuahidi. Barazani."

"Barazani nitakuwa nimebaki nini?" alisema Zawena. "Baraza likiisha na hakuna aliyenitaja, mwanamke wee, hata wewe hutajua ulikuwa unamtetea nani." Akaondoka, na mlango ukabaki na rangi yake wenyewe.

Sasa tuseme kidogo kuhusu yule mchumba.

Alikuwa anaitwa Mahfudhi, na hakuwepo. Bahiya alimtunga siku mwenziwe wa chumbani alipomwuliza mbona hujawashiwa kandili, akasema, "Mchumba wangu yuko mbali," na chuoni hapo mwenye mchumba wa mbali hukumbukwa kwa mkopo. Mchumba huyo akawa rubani. Mwalimu Ngwandu alipouliza, akawa daktari wa meno, mfupi, mcha Mungu, asiyependa picha. Mama yake alipouliza, akawa na kiwanda cha magodoro, kwa kuwa mama alikuwa anaumwa mgongo. Kwa wale waliouliza ghafla, alikuwa anafanya "mambo ya meli". Uongo ukitungwa nchi nyingine hukaa hewani mpaka upepo uuchukue. Nchi hiyo hewa yake ni nzito. Uongo ukitungwa vizuri, ukapewa jina na kazi na mgongo wa mama wa kuponya, unaweza kushuka chini ukaanza kutembea.

Mlinzi wa geti aliita, "Bahiya! Mgeni wako huyu!"

Getini alisimama mwanamume mwenye kofia ya rubani na koti jeupe la daktari, kabeba godoro mgongoni, suruali imelowa maji ya chumvi mpaka magotini. Alikuwa mrefu. Alipopumua, akawa mfupi.

"Bahiya?" alisema.

"Wewe nani?"

"Hata mimi nilitaka nikuulize hilo." Alitua godoro. "Naitwa Mahfudhi. Nadhani mimi ni mchumba wako."

"Unatoka wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Hukusema, dada yangu. Ulisema mbali, ukanyamaza. Basi nimekuwa huko huko. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna hata njia panda. Mbali tupu. Natembea, nafika mbali zaidi." Akafuta jasho kwa kofia. "Na hizi kazi. Juzi nilikuwa narusha ndege, niko katikati ya mawingu, ukamwambia mtu mimi ni daktari wa meno. Unajua abiria walivyohangaika? Nimeshika usukani, usukani umekuwa koleo."

"Samahani," alisema Bahiya, na kwa mara ya kwanza alimwomba radhi mtu ambaye hayupo.

"Si neno. Ila kama utaongeza kitu, kiwe chepesi. Mgongo wangu si wa kiwanda."

Bahiya alitaka kumrudisha. Lakini utamrudishaje mtu mbali usipokujua? Na kabla hajapata jibu, magharibi ikaingia, na Mwalimu Ngwandu akatokea na ngazi yake, uso umefunguka kama duka asubuhi.

"Ahaa! Daktari! Hatimaye!"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mahfudhi, akawa mfupi kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Kaeni, kaeni." Akawakalisha benchi la katikati, akapanda ngazi, akatundika kandili kubwa kuliko zote, kioo kisafi, utambi mpya. Akaiwasha.

Ewe msomaji, kama hujawahi kukaa chini ya kandili usimcheke Bahiya. Mwanga ulimshukia mabegani kama kanga iliyotoka kuanikwa juani. Watu waliokuwa wakimpita wakamsalimia kwa jina, kwa jina la baba, kwa jina la babu. Mama mmoja aliyemwona mara moja tu akamwuliza habari za jino lililomuuma utotoni. Mpishi akamletea sahani bila kuitwa. Alikuwepo. Alikuwepo kila upande. Alijaa kwenye macho ya watu kama maji kwenye mtungi, na pembeni yake alikaa kitu kisichokuwepo, kimevaa kofia, kinakula wali wa watu kwa haya.

Akafikiri. Kufikiri kwake kulikuja vipande vipande, hivi:

Huyu hayupo na ana kandili.

Yule yupo na hana.

Basi kuwepo si kuwepo. Kuwepo ni ngazi ya Mwalimu Ngwandu.

Hapana. Kama kuwepo ni ngazi, kabla ngazi haijatengenezwa watu walikuwa wapi? Na aliyeitengeneza, alisimama juu ya nini?

Wali huu mzuri.

Mimi ni nani nikizima? Nikizima huyu si anaondoka? Akiondoka si wataniuliza? Wakiniuliza si nitatunga mwingine? Nikitunga mwingine si naye atakuja na godoro lake?

Mungu wangu, wali huu mzuri.

Ndipo alipotazama mwisho wa veranda. Kulikuwa na benchi gizani, na gizani kulikuwa na giza zito kidogo kuliko jingine, lenye mabega. Bahiya alitaka kuliita. Alifungua mdomo kuita jina alilolala nalo na kuamka nalo mwaka mzima, kama mwaka huo ulikuwa mmoja, na jina halikuja. Za, alisema. Zu. Ze. Akatafuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani na kamba inaoza mkononi. Zai. Zuhu. Mwanga wa kandili ulikuwa mtamu juu ya shingo yake, na kadiri ulivyozidi kuwa mtamu, jina lilizidi kuteremka. Akaruka kutoka benchini, akatoka kwenye mwanga, sahani ikaanguka, akakimbilia gizani, na huko, magoti juu ya sakafu ya baridi, jina likarudi lote: Zawena. Akalisema mara nyingi, akalikumbatia. Lakini benchi lilikuwa tupu, na alikuwa analisema kwa kunong'ona.

Asubuhi yake, au jana yake, kengele ya baraza ikapigwa.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu Ngwandu alikaa mbele, ngazi imeegemea kiti chake kama bakora ya mfalme. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linachosha. Ukimtazama huwezi hata kumkasirikia ukashiba.

"Wanangu," alisema, "mnataka niwashe kandili kwa watu wa nanihii. Mimi sina neno. Mafuta yapo. Lakini nimekuwa mlezi hapa tangu kabla sijaanza, na sijawahi kumwona hata mmoja. Nionyesheni mmoja tu. Mmoja aliye hapa chuoni, mwenye jina, na mtu wa kusema huyu ni wangu. Nikimwona, napanda ngazi leo leo. Nisipomwona, hoja inakufa na msinirudie."

Kamati yote ya wasiohusika ilitazama nyuma yake. Nyuma palikuwa na ukuta.

Kombo akasimama. Mabega yake hayakucheka.

"Mimi, mwalimu. Nimedanganya kamati. Nahusika."

"Kombo, wewe nimekuwashia kwa mkono wangu, ukiwa na binti."

"Na siku nyingine nikiwa na kijana ukapiga mluzi."

"Basi kaa na yule binti, mambo yaishe. Wewe ni nusu. Nusu siwezi kuihesabu."

"Mwalimu, hakuna nusu hapa! Tazama, miguu miwili, mikono miwili. Nimekuja mzima!"

Watu wakacheka, na Mwalimu akamwashiria akae. Kombo hakukaa. Alisimama pale pale, mkaidi, jina lake likiwaka na kuzimika midomoni mwa watu.

Kwenye safu ya mbele, mtu mwingine alisimama. Alisema maneno marefu, alinyanyua mikono, alijipiga kifua. Mwalimu Ngwandu alikunja shingo.

"Fungeni madirisha," alisema. "Upepo."

Bahiya aliona. Aliona midomo ya Zawena ikisema jina lake, na kupitia shavu la Zawena aliona kiti kilichokuwa nyuma yake. Akapanda jukwaani, akatoa hotuba. Bwana wee, ilikuwa hotuba! Alisema moyo hauna geti. Alisema kandili haijui inamwangazia nani, ni mshika ngazi tu anayejua. Alisema aibu si kupenda, aibu ni kumpita mtu kwa mluzi. Ukumbi ulisimama, ukapiga vigelegele, mpishi akagonga upawa kwenye sufuria. Alisema kila kitu kinachoweza kusemwa na binadamu isipokuwa neno moja.

"Safi sana," alisema Mwalimu Ngwandu, macho yamelowa. "Umesema vizuri, binti. Sasa, wewe unamjua mmoja?"

"Nina... rafiki."

"Anaitwa nani?"

Uso wa mama yake ulitokea darini, umeandaa huzuni.

"Mwalimu," alisema Bahiya, "mimi nawasemea tu wenzangu. Sihusiki. Mimi nina mchumba, umemwashia kandili mwenyewe. Yule pale. Mwulize."

Mahfudhi, aliyekuwa amekaa juu ya godoro lake, aliinuka polepole. Alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa zamu nyingine wakati amekwisha vua viatu.

"Daktari," alisema Mwalimu, "tushuhudie. Huyu ni mchumba wako?"

"Mwalimu, niseme kweli?"

"Kweli tupu."

"Mimi sipo."

Mtu mmoja akamgusa bega kuhakikisha, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, akauvuta haraka na kuupangusa.

"Nimetungwa na dada yule," alisema Mahfudhi. "Simlaumu, amenilea. Nimekuwa rubani," akavua kofia, "nimekuwa daktari," akavua koti, "nimekuwa na kiwanda na mambo ya meli, na kimo nimebadilishiwa mpaka suruali zimenikimbia. Lakini kuna mambo hajawahi kuyabadilisha. Kila aliyemwuliza, amemwambia yale yale. Kwamba nacheka kabla kichekesho hakijafika mwisho. Kwamba napuliza chai hata ikiwa imepoa. Kwamba nikikasirika natafuta ufunguo nilioushika mkononi, na nikiuona naukasirikia ufunguo. Nimekaa na mambo haya huko mbali, nikajiuliza, mbona haya hayanibani kama kofia? Ndipo nikajua. Hayo hakuyatunga. Alikuwa anamkumbuka mtu."

Alikuwa anafifia kuanzia miguuni, bila haraka, kama mtu anayeingia kwenye maji.

"Anapuliza chai iliyopoa," alisema mpishi taratibu. Upawa ukashuka. "Kulikuwa na msichana... ya baridi kabisa anapuliza... nikawa namwambia mwanangu, unaipoza nini... Zawena! Jamani, Zawena! Tangu lini sijampa chakula?"

"Zawena!" alisema mlinzi wa geti. "Anatafuta ufunguo, ameushika!"

"Zawena," alisema Kombo, na mabega yakaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Jina likapita safu kwa safu, na kwenye safu ya mbele likakuta mwenyewe. Kwanza ikaja nguo, halafu mikono, halafu uso, wenye hasira, uliolowa, mzima, usioonyesha kiti chochote nyuma yake.

Mwalimu Ngwandu alimtazama Zawena. Akamtazama Bahiya. Alitafuta mluzi wake, akaukosa.

"Sasa binti," alimwambia Bahiya, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuitoa, "mchumba wako ni nani?"

Bahiya akafungua mdomo aseme anawasemea wenzake. Mahfudhi, ambaye alikuwa amebaki kola na macho, alimtazama kwa upole.

"Dada yangu," alisema, "usiniongezee kazi." Akaisha.

Palibaki godoro. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Bahiya, darini na sakafuni, na hakuna aliyekuwa na haja ya kusikia jibu, maana uso wake ulikuwa umeshalitoa lote na kulirudia.

Zawena alijifuta macho kwa kiganja, akapanda jukwaani, akasimama mbele yake karibu kabisa.

"Kumbe muda wote huu," alisema, "mimi nina kiwanda cha magodoro. Na hukuniambia."